Mkigawana Ziada Kabla ya Kutoa Uchakavu, Mnagawana Lori

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), wasafirishaji, wenye viwanda vidogo vya kubangua korosho na wamiliki wa boti kutoka Mtwara na Lindi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu viongozi wa vyama vya ushirika, ndugu wasafirishaji, mama zetu wa viwanda vya kubangua, wavuvi, makarani na wahasibu mliokuja na madaftari yenu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nianze na mkutano mkuu wa chama, mkutano ambao kila mmoja wenu anaujua. Msimu umekwisha, mnada wa mwisho umefungwa, wakulima wamelipwa. Wanachama wamekaa chini ya mwembe na katibu anasoma hesabu: mapato shilingi milioni 70, matumizi milioni 52, ziada milioni 18. Makofi. Mzee mmoja anasimama, anauliza kama ziada itagawanywa. Mkutano mzima unaitikia: igawanywe!

Hapo pembeni limeegeshwa lori la chama, la tani 10, lililonunuliwa kwa milioni 120. Rudini kwenye yale matumizi ya milioni 52. Dizeli imo. Mshahara wa dereva na utingo umo. Matairi yamo, bima imo, hata faini za barabarani zimo. Lori lenyewe limo? Halimo. Mwaka mzima limebeba magunia kutoka vijijini mpaka ghala kuu, limepigwa jua, limeruka makorongo, lakini kwenye daftari limefanya kazi bure. Nawauliza: kuna lori linalofanya kazi bure?

Tupige hesabu pamoja. Lori limegharimu milioni 120. Chama kinatarajia kulitumia miaka 8, na siku ya kuliuza kinatarajia kupata milioni 24. Maana yake, katika miaka 8 lori litamaliza milioni 96 kwa kukufanyieni kazi. Gawanyeni kwa 8: milioni 12 kila mwaka. Hiyo milioni 12 ndiyo uchakavu, na ni gharama kama ilivyo dizeli. Ziada ya chama kile si milioni 18. Ni milioni 6. Wakigawana 18, basi 6 ni ziada na 12 ni vipande vya lori. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwaka wa nane lori limechoka, benki hakuna kitu, na wanachama wanaulizana nani amekula fedha. Hakuna mwizi. Walizigawana wenyewe, kwa kura ya wazi na makofi.

Hilo ndilo jambo langu la leo, ndugu zangu. Uchakavu ni gharama ya kweli. Fedha yake ilitoka siku mliponunua mali. Hesabu zinachofanya ni kuisambaza kwenye miaka ambayo mali inawatumikia, ili kila mwaka ubebe sehemu yake. Na ndiyo maana nawaomba msichanganye mambo mawili. Thamani ya lori kwenye vitabu siyo bei ya lori sokoni. Baada ya miaka 3 vitabu vitasema 84, yaani 120 kutoa 36. Dalali anaweza kuwaambia 70 au 95. Vitabu havijakosea: vinaeleza sehemu ya gharama ambayo bado haijatumika, basi.

Sasa, uchakavu unasimama juu ya namba tatu: gharama, miaka ya kutumika, na thamani ya mabaki, yaani kile mnachotarajia kupata siku ya kuiuza mali. Ukikosea moja, faida yako yote imepinda. Tuanze na gharama, kwa sababu hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Mama mwenye kiwanda kidogo anaagiza mashine ya kubangulia. Bei yake milioni 80. Kuitoa bandarini na kuifikisha kiwandani, milioni 3. Msingi wa zege, umeme na ufungaji, milioni 5. Korosho ghafi zilizoharibika wakati wa kuijaribu na kuirekebisha, milioni 2. Kisha akawalipia wafanyakazi mafunzo ya kuitumia, milioni 4. Mashine imegharimu kiasi gani? Wengi mtasema 94. Jibu ni 90. Usafiri, ufungaji na majaribio vinaingia kwenye gharama ya mali, kwa sababu bila hivyo mashine isingefika pale ikiwa tayari kwa kazi. Mafunzo hayaingii, ni matumizi ya mwaka huohuo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, IAS 16, kinasema hivyo waziwazi. Na kama umesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kodi ile utarudishiwa, usiiingize kwenye gharama. Kama hurudishiwi, iingize.

Uchakavu unaanza lini? Siku mashine iko tayari kutumika. Hauanzi siku ya kulipia, wala hausubiri siku ya kubangua kilo ya kwanza. Mwaka wa hesabu ukiishia 31 Desemba na mashine ikawa tayari 1 Oktoba, hesabu miezi 3 tu. Na msimu ukiisha, mashine ikafunikwa turubai miezi 6, je, uchakavu unasimama? Kwa njia ya kugawanya sawa kwa miaka, hausimami. Mashine iliyolala inapata kutu, mipira yake inakauka, na teknolojia mpya inaingia sokoni. Hapa kusini hatuhitaji kuelezwa hilo na mgeni. Tuna viwanda vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970, vingi vikakaa miaka bila kubangua, vingine vikageuzwa maghala. Mitambo yake haikuchakazwa na kazi. Ilichakazwa na kukaa.

Ipo njia nyingine ya kupima, ya kufuata kazi iliyofanyika, na inafaa pale kazi inapohesabika vizuri. Visima vya gesi, kama vya Mnazi Bay au Songo Songo, huwa haviendi kwa miaka sawasawa. Hesabu yake ya kawaida ni kiasi cha gesi kilichotoka mwaka huo ukilinganisha na kiasi kinachokadiriwa kutoka chote. Mwenye jenereta anaweza kufuata saa za kuwaka. Kwa njia hiyo, mwaka usio na kazi unaweza kuwa na uchakavu sifuri. Chagueni inayofanana na jinsi mali yenu inavyotumika kweli, kisha mdumu nayo. Kuruka njia hii mwaka huu na ile mwaka ujao kwa sababu faida imekuwa ndogo, hiyo si hesabu.

Nije kwa wenye boti, kwa sababu nyinyi ndio mnaoumia zaidi. Boti imenunuliwa milioni 40. Karani anaandika: miaka 10, milioni 4 kwa mwaka. Imekwisha. Lakini ndani ya milioni 40 kuna mwili wa boti wa milioni 25 na injini ya milioni 15. Nani hapa amekaa na injini ya boti miaka 10, kwenye maji ya chumvi, ikienda baharini karibu kila siku? Ukimya wenu unanijibu. Tuseme injini inakwenda miaka 3, na mabaki yake ni sifuri. Basi zitenganisheni. Mwili: 25 kwa miaka 10, milioni 2 na nusu. Injini: 15 kwa miaka 3, milioni 5. Jumla milioni 7 na nusu kwa mwaka, siyo 4. Mwenye boti aliyehesabu 4 anajiona ana faida ya milioni 3 na nusu ambayo haipo. Anajenga nyumba nayo. Mwaka wa nne injini inakufa, anakwenda kukopa.

Kanuni ni hiyohiyo kwa kila mali kubwa yenye kiungo kikubwa kinachokufa mapema: boila ndani ya kiwanda, paa la bati la ghala lililo karibu na bahari, friji la samaki ndani ya gari. Kiungo chenye gharama kubwa na maisha tofauti kipewe mstari wake. Hamtakiwi kutenganisha kila nati. Tenganisheni kile ambacho kikifa leo, mtahitaji kikao cha dharura.

Sasa mkorosho. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili ni letu na vitabu vingi vya hesabu vinalikosea. Mkorosho ni mali ya kudumu. Tangu 1 Januari 2016, baada ya marekebisho ya mwaka 2014, viwango vya kimataifa vinautendea mti unaozaa miaka mingi kama mashine: unakatwa uchakavu. Kampuni iliyopanda ekari 100, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ina miti 28 hivi kwa ekari, yaani 2,800. Kusafisha shamba, kuchimba mashimo, miche bora, kupalilia, kuziba mapengo ya iliyokufa, kuilea mpaka ikomae kwa uzalishaji wa biashara: yote hayo yanalimbikizwa kuwa gharama ya mti. Tuseme imefika milioni 75, na kampuni inatarajia miaka 25 ya mavuno yenye maana. Milioni 3 kwa mwaka.

Uchakavu wa mti unaanza lini? Siyo mwaka ulipookota bibo la kwanza. Unaanza shamba likishafikia uzalishaji ulioukusudia. Na kuanzia hapo, salfa, ile dawa ya mikorosho, haiingii tena kwenye gharama ya mti. Salfa, kupogolea na kupalilia kwa kila mwaka ni matumizi ya msimu huo. Ardhi iliyo chini ya mti haikatwi pamoja na mti; ina hesabu yake, nakuja nayo. Na korosho zilizoko juu ya mti siku mnapofunga hesabu si sehemu ya mti. Ni zao, nalo lina kanuni yake. Mikorosho ikipigwa na ubwiriunga au mnyauko mpaka miti 600 ikang'olewa, msiendelee kukata uchakavu kama vile bado mna 2,800. Iondoeni ile 600 kwenye vitabu mwaka huohuo. Kwa maswali ya umri wa miti na mavuno, tuna kituo cha utafiti cha Naliendele hapahapa nyumbani. Makadirio yenu ya miaka yajengwe juu ya wataalamu wa miti, siyo juu ya matamanio ya mwenyekiti.

Mpaka hapa nimesema mali mnazoweza kuzigusa. Kuna mali nyingine haishikiki, nayo inaisha vilevile. Programu ya mahesabu yenye leseni ya miaka 3 kwa milioni 9: kila mwaka inakatwa milioni 3. Wahasibu wanakuita huko kukata amotizesheni. Akili yake ni ileile ya uchakavu, ila mabaki yake kwa kawaida huhesabiwa sifuri, kwa sababu leseni ikiisha huna cha kumuuzia mtu. Mkilipia programu mwezi kwa mwezi, hiyo si mali, ni matumizi.

Na ile ardhi? Ardhi haichakai, kweli. Lakini Tanzania ardhi ni ya umma, na kampuni inapewa hati yenye ukomo: miaka 33, 66 au 99. Kampuni iliyolipa milioni 66 kwa kiwanja cha ghala chenye hati ya miaka 33 imenunua miaka 33 ya kutumia, na kila mwaka unaopita unaondoka na milioni 2. Naona taarifa nyingi ambazo kiwanja kimekaa kwenye vitabu bila kupungua tangu siku ya kwanza. Muulizeni mhasibu wenu: hati yetu inaisha lini? Jibu la swali hilo liwe ndani ya hesabu. Hali kadhalika, kwa kampuni zinazofuata viwango kamili vya kimataifa, ghala la kukodi kwa mkataba wa miaka 5 linaingia kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, kama haki ya kutumia, na haki hiyo inakatwa mpaka mkataba uishe. Kanuni hiyo, IFRS 16, ilianza 1 Januari 2019.

Jina la biashara je? Mmeuza korosho zenye pakiti nzuri miaka 7, jina limejulikana mpaka Dar es Salaam. Mnaweza kuliandika jina hilo milioni 50 kwenye mizania? Hapana. Jina mlilolijenga wenyewe haliandikwi, na matangazo ni matumizi. Linaandikwa lile mlilolinunua. Na mkinunua biashara ya mwenzenu kwa bei iliyozidi thamani ya mali zake, kile kilichozidi kina kanuni mbili: kampuni zinazofuata viwango kamili hazikikati kila mwaka, zinakipima kila mwaka kama bado kipo; kampuni ndogo zinazofuata kiwango cha biashara ndogo na za kati zinakikata, na kama hamwezi kukadiria miaka yake kwa uhakika, isizidi 10.

Ndugu zangu, nani anaamua miaka 8 ya lori? Nani anaamua mabaki ya milioni 24? Ni uongozi wenyewe. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Marekani kulikuwa na kampuni kubwa ya kuzoa taka, Waste Management. Utajiri wake ulikuwa malori ya taka, makontena na madampo. Viongozi wake walitaka faida ionekane kubwa. Hawakuongeza wateja. Walichukua daftari, wakarefusha miaka ya malori na wakaongeza thamani ya mabaki bila ushahidi. Mwaka 1998 kampuni ililazimika kusahihisha hesabu zake za mwaka 1992 hadi 1997: faida iliyotangazwa ilikuwa imezidi ukweli kwa dola bilioni 1.7. Wakati ule hakukuwa na sahihisho kubwa kuliko hilo. Mwaka 2002 mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi ile iliwafungulia kesi mwanzilishi wa kampuni na wenzake watano.

Mnaona jinsi inavyofanyika? Turudi kwenye lori la milioni 120. Badilisheni miaka 8 iwe 12, na mabaki 24 yawe 48. Uchakavu unashuka kutoka milioni 12 hadi milioni 6. Kampuni yenye malori 10 imejipatia faida ya milioni 60 bila kubeba gunia moja la ziada. Kalamu tu!

Sisemi kubadilisha miaka ni kosa. Kiwango kinadai mkague makadirio angalau kila mwisho wa mwaka. Alphabet, kampuni mama ya Google, ilirefusha maisha ya seva zake kutoka miaka 4 hadi 6 kuanzia mwaka 2023, ikatangaza mapema sababu na athari yake kwenye uchakavu. Msomaji akajua. Tofauti iko kwenye ushahidi na uwazi. Na mabadiliko hayarudi nyuma, yanakwenda mbele. Lori limebaki na 84 baada ya miaka 3, fundi anasema kwa barabara zetu litadumu 3 tu badala ya 5: chukua 84, toa mabaki 24, gawa kwa 3. Milioni 20 kwa mwaka kuanzia sasa. Miaka iliyopita haiguswi.

Kuna mlango wa pili wa udanganyifu huohuo: kugeuza matumizi kuwa mali. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilichukua gharama za kawaida za kutumia mitandao ya wengine ikaziandika kama mali, ili zikatwe polepole kwa miaka. Juni 2002 ikakiri dola bilioni 3.8, na baadaye yakagunduliwa mengine. Hapa kwetu mlango huo unapita kwenye matengenezo. Oili, matairi, breki, kupaka rangi ghala: matumizi ya mwaka, hata kama ni milioni 6. Kubadilisha injini nzima ya lori ili liende miaka 4 zaidi: hiyo ni mali, na ile injini ya zamani itoke kwenye vitabu. Mkiona mwaka mmoja matengenezo yameshuka ghafla na mali zimeongezeka ghafla, ombeni kuona stakabadhi.

Sasa niwapeleke Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na kwetu Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea, na Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikaandikwa kuwa hasara. Jiulizeni: zile reli zilikuwa zimechakaa? Zilikuwa mpya! Chuma kilikuwa kizima. Kilichokufa ni mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Lakini bandari, iliyotokana na mpango uleule, ikapata kazi nyingine, na mpaka leo inabeba korosho.

Ndiyo maana uchakavu wa kila mwaka pekee hautoshi. Kuna mwaka ambao mali inapoteza thamani kwa mkupuo, na kuendelea kuikata kwa utaratibu uleule kama vile hakuna kilichotokea ni kujidanganya. Hesabu yake ni hii. Mtambo uko kwenye vitabu kwa milioni 60. Soko limebadilika, wateja wanataka mashine mpya. Pimeni vitu viwili: mkiuuza leo na kutoa gharama za kuuza mtapata ngapi? Tuseme 25. Mkiendelea kuutumia mpaka ufe, fedha utakazoleta, kwa thamani ya leo, ni ngapi? Tuseme 32. Chukueni iliyo kubwa, 32. Tofauti na 60 ni 28, nayo inaingia kama hasara mwaka huohuo. Kuanzia hapo uchakavu unakatwa juu ya 32. Inauma, lakini uongozi unaofanya hivi ni uongozi wa kuaminiwa.

Kwa upande wa TRA, mamlaka ya mapato, nitapita haraka, ingawa nilijua swali litakuja. Uchakavu wenu wa vitabuni TRA hawautumii. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina madaraja yake. Kompyuta, magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30 na malori ya chini ya tani 7: asilimia 37.5. Malori makubwa, matrela, mabasi makubwa, vyombo vya majini na mitambo ya viwandani: asilimia 25. Samani na vifaa vya ofisi: 12.5. Madaraja hayo matatu yanakatwa kwenye salio linalobaki. Lori letu, kama ni la kampuni, mwaka wa kwanza linapata milioni 30, wa pili milioni 22 na nusu, na kuendelea kushuka. Kampuni yenye faida ya milioni 50 baada ya uchakavu wa vitabuni wa 12 inarudisha ile 12, inafika 62, inatoa 30, inabaki na 32. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 9.6, siyo 15. Atakayesahau hatua hii analipa zaidi ya deni lake. Na atakayetumia viwango vya TRA kama uchakavu wa vitabuni, anawapa wanachama picha isiyofanana na lori lao. Hesabu mbili, kazi mbili. Angalieni pia marekebisho ya Sheria ya Fedha kila Julai.

Jambo la mwisho zito ni fedha taslimu. Fungueni taarifa ya mtiririko wa fedha: mtaona uchakavu umejumlishwa juu ya faida. Watu wanasema, ahaa, kumbe uchakavu unaleta fedha! Hauleti hata senti. Umejumlishwa kwa sababu ulitolewa kwenye faida bila fedha kutoka mwaka huu. Na kukata uchakavu vitabuni hakuweki fedha benki. Milioni 12 ya lori lazima mtu aipeleke kwenye akaunti ya kununulia lori jipya, kwa azimio la mkutano. Miaka 8 mna 96, mkiuza la zamani kwa 24 mnafika 120. Bei itakuwa imepanda, kwa hiyo chama makini kinaweka zaidi. Na msafirishaji atakayewaonyesha faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotizesheni akitaka mkopo au ubia, msomeeni mstari unaofuata. Kwa biashara ya malori, uchakavu ndiyo moyo wa gharama.

Mkishika taarifa ya kampuni yoyote, nendeni kwenye maelezo ya mali za kudumu. Gharama ya jumla milioni 200, limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya uchakavu uliokwisha kukatwa, milioni 170? Asilimia 85 imekwisha. Kampuni hiyo inatumia vifaa vizee, na faida yake nzuri ya leo huenda inatokana na mali zilizokwisha kukatwa zote. Tazameni pia manunuzi ya mali mpya: kama miaka 4 mfululizo uchakavu ni 12 na manunuzi ni 2, mali zinaliwa bila kurudishiwa.

Yote haya yanadai rejesta ya mali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mali mstari wake: namba iliyopakwa kwenye mali yenyewe, tarehe ilipokuwa tayari kutumika, gharama pamoja na stakabadhi zake, miaka, mabaki, uchakavu wa mwaka, limbikizo, thamani iliyobaki, mahali ilipo na anayewajibika nayo. Mara moja kwa mwaka watu wawili wazunguke na rejesta mkononi wakiigusa kila mali. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akifika, kazi imekwisha nusu. Mali iliyokatwa yote lakini bado inafanya kazi ibaki kwenye rejesta kwa sifuri au kwa mabaki yake, isifutwe. Mali iliyouzwa itoke, gharama yake na limbikizo lake kwa pamoja. Lori likiuzwa baada ya miaka 5, limebaki na 60 vitabuni, mnunuzi katoa 52: hasara milioni 8, iandikeni hivyo. Kisha angalieni malori mengine yaliyobaki. Kama hilo lilichakaa haraka kuliko mlivyokadiria, miaka 8 ya yale mengine nayo ikaguliwe kabla ya kufunga hesabu za mwaka huu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa tupokee maswali. Wa Newala na Liwale waanze, wana safari ndefu ya kurudi.